Masahihisho ya Darsa: Je, Mti Usiku Huiba Pumzi Yako?



Ndugu zangu, leo nina deni la kulipa, na ni refu kidogo, basi mnivumilie.

Mwezi uliopita dada mmoja aliniandikia ujumbe usiku. Anamuuguza mama yake mzee nyumbani, na mama yule anapenda sana mimea. Chumbani mwake kulikuwa na vyungu vitatu: mrehani, mshubiri, na ule mmea wa majani marefu yenye mistari, yaliyosimama kama mapanga. Dada akavitoa vyote nje. Mama akanuna, akakataa hata chai. Dada alivitoa kwa nini? Kwa sababu yangu mimi. Alisikia sauti ya darsa yangu ya zamani, inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, nikisema kwamba mti mchana ni rafiki na usiku ni adui. Usiku huvuta hewa safi na kutoa sumu, na anayelala nao chumba kimoja anaihatarisha nafsi yake. Akaniuliza: "Shekhe, mama anayalilia maua yake. Mimi namwasha jiko la mkaa apate joto, nampikia uji, lakini hataki chochote. Hakuna njia?"

Nikaitafuta ile sauti, nikaisikiliza. Ni mimi kweli. Nilisema kwa uhakika wa mtu aliyepima, hali ya kuwa sikupima wala sikusoma. Nilisikia nikiwa mtoto, nikakua nalo, nikalipandisha mimbarini. Na katika darsa hiyohiyo nilisema jambo la pili, kwamba oksijeni tunayovuta mti huitoa ndani ya ile hewa ukaa tunayoitoa sisi. Hilo nalo nimelikuta si kweli.

Basi nimekaa majuma kadhaa na vitabu, nikamsumbua na mwalimu mmoja wa bayolojia, jirani yangu. Nilidhani nitapata jibu la mstari mmoja. Nilichokipata ni kisa cha miaka mia tatu, cha watu waliotafuta jambo moja tu: mmea unakula nini? Kila mmoja wao alipata kipande, na karibu kila mmoja alikosea palepale alipojiona amemaliza. Kosa langu limo humo humo ndani ya kisa hicho.

Tuanze.

Kwa zaidi ya miaka elfu mbili, tangu zama za Wayunani, watu wenye elimu waliamini kwamba mti hula udongo. Mizizi ndiyo midomo. Na ukitazama, utasema wana haki: shamba likichoka mazao yanadhoofika, ukitia samadi yanarudi. Nani angefikiri vingine? Kabla hujauliza, ndiyo, wetu pia walikuwa na elimu kubwa ya mimea. Abu Hanifa ad-Dinawari, aliyefariki karibu na mwaka 895, aliandika kitabu kikubwa cha mimea, akaitaja kwa majina, sura na makuzi yake. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini sitakwambia kwamba alijua siri ya jani, kwa sababu hakuijua, na hakuna aliyeijua wakati huo. Najua siku hizi kila kitu kikigunduliwa tunakimbilia kusema kwetu kilikwisha semwa. Nilikuwa katika hao. Ad-Dinawari hahitaji sifa ya kuazima.

Mtu wa kwanza kulipima jambo lenyewe kwa mizani alikuwa Jan Baptist van Helmont, tabibu wa Brussels, aliyefariki mwaka 1644. Alichukua chungu kikubwa, akatia ndani udongo uliokaushwa tanuruni, ratili 200. Akapanda mche wa mti mmoja wa Ulaya unaopenda kuota kando ya mito, wenye uzito wa ratili 5. Akafunika chungu kwa bati lenye matundu ili vumbi lisiingie. Kisha akamwagilia maji tu, ya mvua au yaliyokenekwa, kwa miaka mitano. Miaka mitano, ndugu zangu! Sisi tukipanda mchicha, siku ya nne tunafukua kuangalia kama umeota.

Mwisho wa miaka hiyo aliung'oa mti na kuupima: ratili 169 na wakia kama 3, bila ya kuhesabu majani yaliyopukutika kila mwaka. Akaukausha udongo na kuupima: umepungua wakia kama 2 tu. Ratili 164 za kuni, magome na mizizi zimetoka wapi? Udongo haukuzitoa. Akahitimisha kwamba zote zimetokana na maji.

Hapa tulia. Kipimo chake ni sahihi; udongo kweli hauliwi kwa kiasi hicho. Hitimisho lake ndilo lenye kasoro, kwa sababu kulikuwa na kitu kingine kilichougusa mti ule usiku na mchana, na hakukiweka kwenye hesabu. Hewa. Na ajabu yenyewe ni hii: neno "gesi" linalotumiwa leo dunia nzima alilitunga yeye. Alichoma mkaa ratili 62, ikabaki ratili moja ya jivu, akasema zilizobaki zimekwenda zikiwa gesi. Gesi ile kwa sehemu kubwa ndiyo hewa ukaa, ambayo wataalamu huiita kabonidayoksaidi. Kwa maana hiyo alishika mkononi kitu kilekile kilichoujenga mti wake, akakipa jina, na hakujua kwamba vina uhusiano. Maandishi yake yalichapishwa na mwanawe mwaka 1648, baba akiwa ameshafariki.

Tuvuke miaka zaidi ya mia moja, tuende Uingereza, mji wa Leeds. Joseph Priestley alikuwa mhubiri wa kanisa, mtu wa mimbari kama sisi, lakini mimbari haikumtosha. Jirani na nyumba yake palikuwa na kiwanda cha pombe (jirani humchagui), na kwenye mapipa yake kulijaa hewa nzito inayozima mshumaa. Akaanza kuichezea hewa hiyo. Maji yenye gesi, ambayo ndiyo asili ya soda tunazokunywa, yalitoka katika michezo hiyo.

Alijua kwamba mshumaa ukiwaka ndani ya chombo kilichofungwa huzimika, na panya akifungiwa humo hufa. Hewa "imeharibika". Swali lililomsumbua lilikuwa hili: ikiwa moto na pumzi za viumbe wote zinaharibu hewa kila siku, mbona dunia haijaisha hewa nzuri? Lazima kuna kitu kinachoitengeneza tena. Tarehe 17 Agosti 1771 akaweka kitawi cha nanaa ndani ya chombo chenye hewa iliyozimisha mshumaa. Siku kumi baadaye, tarehe 27, akaingiza mshumaa mwingine. Ukawaka vizuri kabisa. Panya naye akaishi katika hewa iliyotengenezwa na mmea.

Nanaa, ndugu zangu. Hii hii tunayotia kwenye chai.

Habari ilienea, akapewa nishani kubwa ya Royal Society ya London. Kisha mambo yakaharibika. Wengine walijaribu wakakosa. Mkemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, alipata kinyume: mimea inaharibu hewa. Priestley mwenyewe aliporudia miaka ya baadaye, mara nyingine ilifaulu na mara nyingine haikufaulu. Fikiria hali hiyo: umetangaza jambo mbele ya watu, umesifiwa, halafu nyumbani kwako chupa inakukatalia. Simlaumu. Chombo chake kilikaa pale kilipokaa, siku za jua na siku za mawingu, dirishani au pembeni, naye hakuona kwamba mahali ni sehemu ya hesabu.

Aliyeona ni Jan Ingenhousz, tabibu aliyezaliwa Breda, Uholanzi, mwaka 1730. Huyu alikuwa maarufu kwa kuchanja watu dhidi ya ndui. Alikwenda Vienna mwaka 1768 kuwachanja watu wa nyumba ya kifalme ya Maria Theresa, wakapona, akafanywa tabibu wa ikulu. Mtu mwenye cheo kama hicho angeweza kukaa akala mshahara wake. Lakini kiangazi cha mwaka 1779 alikodi nyumba mashambani karibu na London, akajifungia na majani. Katika miezi mitatu hivi alifanya majaribio zaidi ya 500.

Njia yake ilikuwa nyepesi, hata mwanao anaweza kuifanya leo uani. Alitia majani ndani ya maji, kwenye chombo cha kioo kilichopinduliwa, akakiweka juani. Viputo vidogo vikaanza kutoka kwenye majani na kupanda juu. Akahamisha chombo gizani: viputo vikakoma. Akarudisha juani: vikarudi. Labda ni joto la jua? Akajaribu gizani karibu na moto, joto lipo na mwanga haupo. Hakuna. Basi ni mwanga. Akajaribu maua, mizizi, matunda: hakuna. Ni sehemu za kijani tu. Akaikusanya ile hewa ya viputo, akaingiza kijiti chenye kaa la moto, kikawaka kwa nguvu. Ilikuwa ile hewa ambayo Priestley aliipata kwa njia nyingine mwaka 1774, na ambayo Mfaransa Lavoisier aliipa jina la oksijeni.

Na ni Ingenhousz huyuhuyu aliyegundua jambo la usiku. Alikuta kwamba gizani majani hayatoi hewa nzuri, bali huiharibu kidogo ile iliyopo, kama afanyavyo mnyama anayepumua. Hapa ndipo ilipozaliwa ile kauli yangu ya mimbarini, ndugu zangu. Ina mzazi wa kweli. Lakini huyohuyo aliyeigundua alipima pia ni kiasi gani, akaandika wazi kwamba kinachoharibiwa usiku ni kidogo mno kikilinganishwa na kinachotengenezwa mchana. Sehemu ya kwanza ya maneno yake ikasafiri. Ya pili ikabaki kitabuni. Baada yake kauli ikapita kwa midomo ya watu, hata zikawepo hospitali ambazo wauguzi walikuwa wakitoa maua wodini kila jioni na kuyarudisha asubuhi. Mwisho ikanifikia mimi, na mimi nikamfikishia dada yule.

Basi tufanye hesabu ambayo nilipaswa kuifanya zamani. Chumba cha mita 3 kwa 3, kwenda juu mita 2 na nusu, kina lita 22,500 za hewa. Oksijeni ni kama asilimia 21 yake, yaani zaidi ya lita 4,700. Mtu mzima aliyelala hutumia kiasi cha lita 100 hivi kwa usiku mzima. Mmea wa chungu, wenye majani ambayo ukiyatandaza hupati hata mita moja ya mraba, usiku huo huo haumalizi lita moja. Kwa hiyo kama tunaogopa kuibiwa pumzi, wa kwanza kutolewa nje ni mume anayekoroma, halafu watoto, halafu paka, na mrehani uje mwisho wa foleni. Na chumba chenyewe kina mlango, dirisha na nyufa. Hewa inaingia na kutoka usiku kucha.

Hilo la kwanza limekwisha. Twende kwenye kosa langu la pili, ambalo limewakosesha wakubwa zaidi yangu.

Baada ya Ingenhousz, mji wa Geneva ulitoa watu wawili. Jean Senebier, mchungaji wa kanisa, alionyesha mwaka 1782 kwamba majani hayatoi viputo katika maji yaliyochemshwa, kwa kuwa hewa ukaa iliyokuwamo imetoka. Ukiirudisha, viputo vinarudi. Maana yake ile hewa mbaya ndiyo malighafi. Kisha Nicolas-Théodore de Saussure, katika kitabu chake cha mwaka 1804, akarudi kwenye mizani. Aliifungia mimea kwenye vyombo, akapima hewa ukaa iliyoingia na uzito ulioongezeka. Akakuta uzito umezidi kaboni iliyoingia. Ziada imetoka wapi? Maji. Kumbe van Helmont hakukosea yote, alikosa nusu. Mti ule wa chunguni ulijengwa kwa maji na hewa, pamoja na chembe ndogo za udongo, zile wakia mbili alizozidharau, ambazo kumbe ni mbolea isiyokosekana.

Miaka iliyofuata vipande viliongezeka. Wafaransa Pelletier na Caventou wakaitoa rangi ya kijani ya majani na kuiita klorofili. Mjerumani Robert Mayer, aliyewahi kuwa tabibu wa meli iliyokwenda Java, akaandika mwaka 1845 kwamba mmea unakamata nguvu ya jua na kuiweka akiba katika mwili wake; kuni unazowasha ni jua la zamani. Julius Sachs katika miaka ya 1860 akaonyesha kwa iodini kwamba jani lililopata mwanga lina wanga, na lililofunikwa halina. Jaribio hilo wanafunzi wetu wanalifanya mpaka leo, na kuunguza vidole kwa spiriti. Mwaka 1882 Theodor Engelmann akaangaza uzi wa mwani kwa mwanga uliotawanywa rangi zake kama upinde wa mvua, akatia vijidudu vinavyopenda oksijeni. Vikakusanyika kwenye mwanga mwekundu na wa buluu, vikaikimbia sehemu ya kijani. Ndiyo maana jani ni la kijani machoni pako: hiyo ndiyo rangi linayoitumia kwa uchache, basi inarudi kwako.

Lakini oksijeni inatoka wapi? Jibu lilionekana jepesi. Hewa ukaa ni kaboni na oksijeni. Mmea unachukua hewa ukaa, unatoa oksijeni. Basi unabakisha kaboni na kuachia oksijeni, kama mtu anayemenya njugu na kutupa maganda. Wataalamu wakubwa waliishi na jibu hili kwa zaidi ya miaka mia moja, nami nililitoa darsani kana kwamba ni aya.

Aliyelitikisa ni Cornelis van Niel, Mholanzi aliyefanya kazi California, mwaka 1931. Hakuanza na miti. Alichunguza bakteria wa rangi ya zambarau wanaoishi kwenye matope yanayonuka kama yai viza. Wanatumia mwanga kujitengenezea chakula, lakini hawatoi oksijeni kabisa. Badala ya maji wanatumia ile gesi inayonuka, yenye salfa, na wanachokitupa ni salfa. Van Niel akajiuliza: hawa wanaotumia gesi ya salfa wanatupa salfa, basi wanaotumia maji wanatupa nini? Oksijeni ya maji! Ikawa ni dhana, nzuri lakini dhana. Mwaka 1937 Robert Hill wa Cambridge akatoa zile punje za kijani ndani ya jani, kloroplasti, akazimulika pasipo kuzilisha hewa ukaa, zikatoa oksijeni. Mwaka 1941 Samuel Ruben na Martin Kamen na wenzao kule Berkeley wakatumia maji yenye oksijeni nzito kuliko ya kawaida, ili waifuate popote iendapo. Iliyotoka kwenye mwani ilikuwa ya uzito wa maji.

Nitasema kidogo juu ya hawa wawili, maana kisa chao kimenikaa. Mwaka 1940 waligundua kaboni 14, ambayo kwayo wengine waliweza baadaye kufuata safari ya kaboni ndani ya jani hatua kwa hatua. Kwa kazi hiyo Melvin Calvin alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1961. Ruben hakuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 1943, hajatimiza miaka 30, kwa ajali ya gesi ya sumu katika utafiti wa vita. Kamen alifukuzwa kazi mwaka 1944 kwa tuhuma za kuvujisha siri, akahangaika miaka kusafisha jina lake.

Basi jambo zima, kama linavyofahamika leo, ni hivi. Jani lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa jicho, hasa upande wa chini. Hewa ukaa inaingia hapo. Maji yanapanda kutoka mizizini. Klorofili inakamata mwanga, na kwa nguvu ya mwanga huo maji yanavunjwa. Oksijeni ya maji inatoka nje, nasi tunaivuta. Hidrojeni yake pamoja na nguvu iliyokamatwa zinapelekwa kwenye sehemu ya pili ya kazi, ambako hewa ukaa inaungwa ikawa sukari. Sukari ile inageuzwa wanga, mbao, mafuta ya nazi, chochote. Wataalamu wetu wa Kiswahili wanaliita usanisinuru, na ni jina zuri.

Kasi ya kazi hii haiko sawa saa zote. Mwaka 1905 F. F. Blackman wa Cambridge aliliweka hili vizuri. Chukua mfano wa pilau la harusi. Unataka mchele, nyama, kuni na wapishi. Kuni zikiwa chache, hata ukileta gunia jingine la mchele chakula hakitoki upesi. Kinachoamua ni kile kilichopungua. Alfajiri mwanga ni mchache, basi mwanga ndio unaoamua. Saa nne asubuhi mwanga umejaa. Sasa kinachobana ni hewa ukaa, ambayo ni sehemu kama 4 tu katika kila 10,000 za hewa. Joto nalo likipanda kazi inakwenda mbio, mpaka mahali fulani, kisha vimeng'enya vya jani vinaanza kuharibika na kazi inaanguka. Na saa saba mchana, ardhi ikiwa kavu, mmea unafunga vitundu vyake kuokoa maji. Mlango ukifungwa hewa ukaa nayo haingii, na jani linakaa bure juani. Mkulima anayesema "mihindi yangu inapata jua la kutosha, mbona imedumaa" atazame maji kwanza.

Mihindi nimeitaja kwa sababu ina hila yake. Mahindi, mtama na miwa hukusanya hewa ukaa kwa njia ya ziada na kuilimbikiza ndani ya jani, hivyo hazisumbuki na joto kama mpunga na maharage. Jambo hili lilijitokeza kwa watu wa miwa kule Hawaii, na Hatch na Slack wakalifafanua Australia mwaka 1966.

Na sasa ule mshubiri wa mama, na mmea wa mapanga, ndugu wa mkonge. Mwaka 1815 Benjamin Heyne aliandika juu ya mmea mmoja wa majani manene: ukitafuna jani lake asubuhi ni chachu, ukilitafuna mchana halina ladha. Alionja tu, basi! Ilikuja kufahamika kwamba mimea ya namna hii, mananasi, mkonge na mshubiri ikiwamo, hufunga vitundu mchana wa joto na kuvifungua usiku. Usiku inavuta hewa ukaa na kuiweka akiba katika asidi, ndio ule uchachu. Mchana, milango ikiwa imefungwa, inaitoa akiba na kuitengenezea sukari.

Kwa sababu hiyo wapo wauzaji wa maua wanaoinadi kuwa ni "mimea ya oksijeni ya usiku", na baadhi yenu mmenitumia matangazo hayo mkinijibu. Nawaomba msitoke kwenye kosa langu mkaingia jingine. Oksijeni inatokana na maji, na maji hayavunjwi bila mwanga. Kwa hiyo usiku mmea ule unavuta hewa ukaa kidogo, lakini oksijeni haikupi. Haikuui wala haikutibu. Ni mmea mzuri wa kutazama, na hiyo inatosha kuununua.

Nikamwandikia dada haya kwa ufupi, usiku uleule nilipomaliza. Kisha nikarudi juu nikausoma tena ujumbe wake wa mwanzo, moyo ukanipiga. Jiko la mkaa. Nikampigia simu saa ile ile. Nikamuuliza, jiko unaliweka wapi? Akasema chumbani kwa mama, mlango umefungwa, kwa sababu ya baridi ya mvua.

Ndugu zangu, mkaa unaoungua ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kabonimonoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu na kuizuia isibebe oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huchoka, hulala, na haamki. Tulikuwa tumeutoa nje mrehani na kuliingiza jiko ndani.

Sasa jiko liko uani, na mama amenunuliwa blanketi zito. Vyungu vitatu vimerudi, viko karibu na dirisha kwa sababu ya mwanga. Dada anasema mama ameanza tena kunywa chai, na amemtaka atafute na mche wa nanaa.

Ile sauti yangu ya zamani siwezi kuirudisha, imeshafika nisikokujua. Ukiikuta kwenye kundi lolote, tafadhali weka andiko hili chini yake.

Wallahu a'lam.